Makopo Kumi na Moja ya Vinyoya

Mwaka 1983, mvua za masika zikiwa zimekolea na mimi nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, nilianza kuogopa mlio wa gari. Kabla ya hapo, Landi Rova iliyopanda kilima cha mtaa wetu, Karatu, ilikuwa na maana moja tu kwangu: kuna wageni wanaokwenda Ngorongoro. Tope letu jekundu huyashika magurudumu, na dereva hulazimika kurudi nyuma na kujaribu tena mara tatu nne, kwa hiyo gari tulilisikia dakika kumi kabla ya kuliona. Mwaka huo, katika dakika kumi hizo, mate yalinikauka kinywani na mtoto aliyekuwa akinyonya aliachia ziwa na kunitazama.

Mwishoni mwa Machi redio ilikuwa imetangaza msako wa wahujumu uchumi. Sabuni, sukari na dawa ya meno vilikuwa vimetoweka madukani kwa muda mrefu, na tuliambiwa kwamba kuna watu wamevificha. Sikuwa na ugomvi na tangazo hilo. Mimi pia nilikuwa nikifua nguo za watoto kwa maji ya majivu. Lakini hazikupita wiki mbili kabla ya korongo lililo chini ya mtaa wetu kuanza kupokea vitu. Asubuhi moja zilikutwa doti za vitenge zikiwa bado na karatasi za dukani. Asubuhi nyingine ilikutwa katoni ya betri, kisha cherehani nzima, mpya, imelazwa kwenye tope kama mgonjwa. Hakuna aliyeviokota. Tuliwakataza watoto hata kuvitazama, na cherehani ile ilinyeshewa mpaka ikashika kutu, katika mtaa ambao wanawake walishona kwa mkono.

Uvunguni mwa kitanda chetu lilikuwapo sanduku la bati la rangi ya kijani. Juu yake, kwa rangi nyeupe, liliandikwa jina la mume wangu na mwaka 1979. Ndani yake mlikuwa na raketi tatu, jozi mbili za viatu vyeupe vya mpira, na makopo kumi na moja ya vinyoya vya mchezo wa badminton. Vyote vilitoka nje ya nchi. Hiyo ndiyo iliyokuwa hofu yangu, wala haikuwa na jambo jingine ndani yake: kwamba watu wa msako wangelifungua sanduku lile na kumfunga mume wangu.

Ni lazima nieleze jinsi vitu hivyo vilivyofika Karatu, mahali ambapo watu hulima ngano na mahindi na kuchunga ng'ombe.

Mume wangu alizaliwa katika kisiwa kidogo cha mwambao. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba mtu akipiga chafya upande mmoja wa kisiwa, wa upande wa pili humwombea afya. Nyuma ya duka la mfanyabiashara wa Kihindi palikuwa na ua uliozungushiwa ukuta wa mawe, upepo hauingii, na humo watoto wa mwenye duka walicheza badminton. Walikuwa watatu, walihitaji wa nne. Mume wangu alikuwa na miaka kumi, akibeba magunia ya nazi pale dukani, na ndiye aliyekuwa karibu. Walimpa raketi iliyokatika nyuzi, akaisuka upya kwa mshipi wa kuvulia samaki. Baada ya miaka miwili hakuna hata mmoja wao aliyeweza kumfunga, na waliendelea kumwita kwa sababu baba yao aliona fahari kuwaonyesha wageni kijana yule.

Alisomea ufundi wa umeme Tanga, na mwaka 1973 akaajiriwa kuendesha jenereta katika hoteli moja iliyo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Huko juu ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi, na mtu wa kisiwani alitembea amejifunga blanketi kama Mmasai. Kucheza nje hakuwezekani, kwa kuwa kinyoya ni kizibo chepesi kilichochomekwa manyoya kumi na sita ya bata, na upepo mdogo tu hukipeleka unakotaka wenyewe. Siku za mapumziko aliteremka Karatu kutafuta ukuta wa kujikinga na upepo. Aliupata katika ghala la ngano nililokuwa nikifanyia kazi ya kufagia.

Siku hiyo ilikuwa tarehe 9 Novemba 1974. Alisimama mlangoni ameshika kitu kilichoviringishwa kwenye khanga.

"Dada, ukimaliza kufagia nitaomba uwanja."

"Uwanja gani, kaka? Hili ni ghala."

"Kwa sasa ni ghala," alinijibu, akaingia na kuanza kupima sakafu kwa hatua.

Tulifunga ndoa bomani mwaka uliofuata, kwa sababu yeye alikuwa Mwislamu na mimi Mlutheri, binti wa kibarua kutoka Singida, na hakuna aliyetaka mwenzake abadili dini. Na kwa kuwa Karatu nzima hapakuwa na mtu mwingine wa kusimama upande wa pili wa wavu wake wa katani, alinifundisha mimi. Nilicheza peku, nimejifunga khanga juu ya gauni, vumbi la pumba likitupanda mpaka kwenye nyusi. Majirani walichungulia kupitia nyufa za mbao. "Shemeji," walimwuliza akipita, "leo umechinja kuku wangapi? Manyoya yamejaa ghalani na sisi hatujaonjeshwa hata firigisi!" Alicheka nao. Alikuwa na moyo huo.

Mwaka 1976 alichaguliwa timu ya mkoa. Mwaka 1979 alichaguliwa timu ya taifa, ndipo tukanunua sanduku na kuliandika. Mwaka 1981 alipanda ndege kwa mara ya kwanza, akacheza nje ya nchi mechi tatu, akashinda mbili. Mimi nilikuwa nimeanza elimu ya watu wazima mwaka 1975, katika darasa la saa tisa alasiri pamoja na wanawake walionizidi kwa miaka ishirini, na kufikia 1978 niliweza kusoma gazeti la Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, ingawa kwa kidole. Mwalimu wetu alitutaka tuandike tarehe kabla ya kila jambo. Sijaiacha desturi hiyo.

Oktoba 1982 timu ya wageni ilikuja Arusha kucheza. Wageni wale walistaajabu kumwona mtu wa kwetu akicheza vile kwa vinyoya vya pwani, ambavyo havifai nyanda za juu; hewa yetu ni nyepesi, kinyoya cha pwani hupaa na kuvuka mstari hata kikipigwa polepole. Walipoondoka walimwachia vinyoya vya milimani, visivyokwenda kasi, makopo kumi na sita, pamoja na raketi mbili na viatu. Walimpa pia barua ya Kiingereza ya kuthibitisha kwamba ni zawadi, na karatasi ya forodha yenye mhuri, iliyoonyesha kwamba vitu hivyo viliingia nchini kihalali. Aliviweka vyote sandukuni. Agosti 1983 timu ya taifa ingechaguliwa upya Dar es Salaam. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, na alijua kwamba hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho.

Sasa nirudi kwenye masika yale. Tarehe 20 Aprili 1983, siku ya Jumatano, mjumbe wetu wa nyumba kumi alisimama mlangoni kwangu mapema asubuhi. Alikuwa Mwiraqw wa makamo, mwenye maneno mengi, ambaye siku zote alikunywa chai kwangu kabla ya kueleza shida yake.

"Shikamoo, mjumbe. Karibu chai."

"Marahaba, mama. Chai yenu leo siitaki. Siku hizi nikiona sukari natetemeka." Alitazama huku na huku. "Kesho wanapita mstari wetu. Nyumba kwa nyumba. Mimi sijakuambia kitu."

"Na mimi sijasikia, baba."

Mume wangu alikuwa kazini juu kwenye kreta, angeteremka Jumamosi. Simu haikuwapo. Nilikaa juu ya kitanda, sanduku likiwa chini yangu, na nikahisi kama nimekalia mnyama aliye hai. Nililifungua. Nilivitoa vitu kimoja kimoja, na mwisho zikabaki karatasi mbili.

Niliziinua kwenye mwanga wa dirisha. Zilikuwa za Kiingereza tupu. Neno nililoweza kulitambua ni jina la mume wangu, na chini yake mhuri wa zambarau, na sahihi ya mtu nisiyemjua. Nilijaribu kukumbuka alichoniambia Oktoba kuhusu karatasi zile, lakini hofu ilikuwa imenifunga kumbukumbu kama mlango. Nilichokiona ni ushahidi: jina lake, vitu vya nje, na mhuri wa kigeni. Nilizitia mekoni chini ya sufuria ya uji. Ziliungua upesi. Nilichochea majivu mpaka nikahakikisha hakuna herufi iliyobaki.

Raketi sikuweza kuzichoma. Niliishika moja, nikaiweka chini. Korongoni pia sikuweza kuzitupa, maana jina lake lilikuwa juu ya sanduku na kila mtu mtaani alilijua. Nilimkumbuka bibi jirani yetu, mjane wa Kiiraqw, ambaye nyuma ya boma lake palikuwa na nyumba ya zamani iliyochimbwa ndani ya kilima. Paa lake lilikuwa sawa na ardhi, majani yameota juu, na mtu asiye mwenyeji angepita juu yake bila kujua. Wazee wa Kiiraqw walijenga hivyo ili wavamizi wa mifugo wasiwaone. Bibi alihifadhi humo majani makavu ya mbuzi. Mchana huohuo nililifunika sanduku kwa mabua ya mahindi, nikajitwisha, nikapita mbele ya watu wote nikiwasalimia.

"Una mzigo gani, mwanangu?" bibi aliniuliza.

"Mabua ya mbuzi wako, bibi."

Alisikia bati likigonga jiwe nilipotua. Alinitazama, akasema, "Mbuzi wangu watashukuru."

Kesho yake, Alhamisi tarehe 21, nilisikia Landi Rova mbili. Nilihesabu zilivyoteleza: mara nne. Watu sita waliingia kwangu. Walipekua kabati, wakatikisa debe la unga, wakachungulia uvunguni. Hazikufika dakika tano. Ofisa aliyewaongoza, kijana mtanashati mwenye viatu vilivyong'aa mpaka nilipomkaribisha kwenye tope letu, alinishukuru kwa adabu. Nilipowaona wakielekea kwa bibi nilijipa moyo: hawatajua hata kwamba pana nyumba.

Nao hawakujua. Aliyewaambia ni mjumbe wetu, yule aliyekuja kunionya. Hakuwa na nia mbaya. Walikuwa wamemaliza upekuzi kwa bibi, wamesimama juu ya kilima wakijipangusa tope, na ofisa akasifu mandhari. Mjumbe akashikwa na fahari.

"Unajua umesimama wapi, ndugu ofisa?"

"Nimesimama kwenye majani."

"Umesimama juu ya paa!"

Ofisa aliruka kando. Wenzake walicheka, na mjumbe, akiona kwamba amemfurahisha mgeni, alianza kueleza desturi ya babu zake, jinsi walivyoishi ardhini na ng'ombe wao, jinsi maadui walivyopita juu ya vichwa vyao. Aliwaonyesha mlango. Nilikuwa uani kwangu, nikiona yote, hatua hamsini kutoka hapo. Nilimwona ofisa akiinama. Nilimwona mjumbe akiinama nyuma yake, na nilimwona akitoka. Alikuwa amezeeka.

Walilitoa sanduku. Bibi alijisogeza mbele na fimbo yake.

"Ni langu," alisema.

"Bibi, hizi ni raketi. Wewe unacheza nazo wapi?"

"Unajua mimi nacheza nini? Umenikuta wapi? Nirudishie."

Hata wale askari walishindwa kujizuia kucheka. Lakini ofisa alikuwa amekwisha kusoma jina. Nilitembea hatua zile hamsini. Nilisema ni letu, ni mali ya mume wangu, ni mchezaji wa taifa, ni zawadi.

"Karatasi?"

"Nimezichoma, jana."

Aliandika. Alipomaliza alinisomea: bidhaa za nje zimekutwa zimefichwa ardhini; nyaraka zimeteketezwa. Kabla ya siku ile tulikuwa watu wenye sanduku uvunguni. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu na kwa siku moja, nilikuwa nimeligeuza kuwa kosa. Ofisa alimtazama mtoto mgongoni mwangu, akasema aliyetajwa juu ya sanduku ndiye atakayejibu.

Mume wangu aliteremka Jumamosi, tarehe 23. Alikuwa amekwisha kusikia njiani. Aliketi, akavua viatu, akaomba maji.

"Karatasi zote mbili?"

"Zote."

Alikunywa maji yake polepole. "Hizo ndizo zilizokuwa zikitulinda," alisema. Hakusema zaidi ya hapo, wala siku ile wala siku nyingine yoyote hadi alipofariki tarehe 2 Juni 2004. Nilingoja anifokee miaka ishirini na moja.

Jumatatu tarehe 25 Aprili alivaa shati lake la timu ndani ya koti, akapanda lori la ngano, akajipeleka kituoni mwenyewe. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Hakuna aliyemshika mkono kumpeleka.

Dhamana haikuwapo kwa kesi za aina ile. Kila wiki mbili nilimpelekea chakula mahabusu, na kila nilipokwenda nilikuta mtu mmoja amepungua: amehamishwa, hawakuniambia wapi. Nilikuwa nikisimama kwenye foleni nimekumbatia bakuli, nikijiandaa kuambiwa kwamba leo ni yeye. Niliacha kulala mchana na niliacha kuimba kanisani, kwa kuwa sauti ilinitoka ikitetemeka. Mwezi Julai, baridi ilipokuwa kali, nilikwenda Arusha kwenye ofisi ya michezo kutafuta nakala ya karatasi nilizochoma. Karani, mama mpole, alifungua mafaili matatu mbele yangu. Nakala haikuwapo. Alichoweza kunipa ni barua ya kuthibitisha kwamba mume wangu ni mchezaji. Niliisoma mara mbili kabla ya kuikunja. Agosti timu ya taifa ilichaguliwa Dar es Salaam bila yeye. Nilimwambia habari hiyo kupitia wavu wa chuma. Aliniuliza nani amechukua nafasi yake. Nilimtajia. "Huyo mkono wake wa kushoto ni mzuri," alisema, akaomba nimwongezee chumvi safari ijayo.

Mwezi Novemba kamati iliyotumwa kusikiliza mashauri ya tarafa yetu ilifika Karatu. Mwenyekiti wake alikuwa mzee mnene, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tarehe 10 Novemba, siku ya Alhamisi, mume wangu aliletwa mbele yake. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma pamoja na bibi na mjumbe, ambaye tangu Aprili hakuwa amethubutu kunitazama machoni.

"Ndugu mtuhumiwa," mwenyekiti alisema, "raketi tatu nazielewa. Viatu naelewa. Lakini hapa pana makopo kumi na moja, kila kopo kumi na mbili ndani. Hiyo ni akiba ya duka. Mtu mmoja anavifanyia nini?"

"Vinakufa, ndugu mwenyekiti."

"Vinakufa?"

"Mchezo mmoja hula vitatu, vinne. Manyoya yakivunjika, kinyoya hakirudi."

Mjumbe mmoja wa kamati aliguna. "Hata kuku hafi kirahisi hivyo!"

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alichukua kinyoya kimoja, akakizungusha mbele ya miwani. "Basi tutaviona vikifa," alisema. "Nani mwingine hapa anaujua mchezo huu?"

Mume wangu aligeuka, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Mke wangu," alisema.

Tulikwenda wote ghalani. Lilikuwa karibu tupu. Wavu wetu wa katani ulikuwa bado umetundikwa ukutani, na mjumbe wetu wa nyumba kumi ndiye aliyepanda juu ya gunia kuufunga. Mume wangu alikuwa amenyolewa, suruali yake imeshikiliwa kwa kamba, na viwiko vyake vimetokeza kama vya mzee. Nilivua kandambili. Kabla hatujaanza alikibonyeza kinyoya kwa kidole, na niliona uso wake umebadilika kidogo; nami nilipokigusa nilielewa. Siku zote nyumbani alikuwa akiviweka vinyoya juu ya mvuke wa sufuria kabla ya kucheza, ili manyoya yalainike, kwa sababu hewa yetu huyakausha. Hivi vilikuwa vimekaa stoo ya kituo zaidi ya miezi sita. Vingevunjika upesi kuliko kawaida. Tulitazamana. Jambo hilo sikumwambia mtu yeyote mpaka leo ninapoliandika.

Hata hivyo havikuvunjika. Tulianza kama tulivyozoea, na kwa hofu tuliyokuwa nayo tulicheza polepole zaidi ya tulivyozoea. Kinyoya kilikwenda na kurudi, kikenda na kurudi, kizima kama kilivyotoka koponi. Mwenyekiti alitazama saa yake.

"Mbona hakifi?"

Nilielewa kwamba upole wetu ulikuwa ukimfunga. Kwa miaka minane ambayo mume wangu alicheza nami, hakuwahi hata mara moja kunipiga pigo lake kamili. Alipunguza nusu, wakati mwingine robo tatu, ili mchezo uendelee na ili asiniumize.

"Baba watoto," nilimwita juu ya wavu, kwa sauti ya chini. "Nipige."

"Nini?"

"Piga kama mbele yako yupo mwanamume."

Alitikisa kichwa. Nilimtupia kinyoya juu kabisa, karibu na boriti, mahali anapopapenda. Kwa muda nilidhani atakiacha kianguke. Kisha aliruka. Sikukiona kikija. Kilinipata chini ya bega, nikasikia mlio kama wa kuni kavu, na manyoya matatu yakaelea peke yake hewani. Nilikiokota na kukitupa kando, nikachukua kingine, nikamtupia tena palepale. Alikuwa akilia, naye alipiga. Nilirudisha nilivyoweza. Kingine kilinipata shavuni. Vinne vilikufa kabla ya robo saa kupita, na nilipoinama kuchukua cha tano mwenyekiti alinyanyua mkono.

Yule mjumbe wa kamati aliyetania habari za kuku aliomba raketi ajaribu. Alirusha kinyoya, akapiga hewa. Akarusha tena, akapiga hewa. Alimrudishia mume wangu raketi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.

"Andika," mwenyekiti alimwambia karani.

"Niandike nini, mzee?"

"Andika kwamba vinakufa."

Huo ndio uliokuwa mchezo wa mwisho wa mume wangu.

Lakini hakuachiwa siku hiyo. Alirudishwa mahabusu, na nilisubiri siku kumi na tisa bila kujua kama neno lile lilikuwa la kumsaidia au la kumdhihaki. Katika mwezi huo huo tulisikia kwamba mpaka wa Kenya, uliokuwa umefungwa tangu 1977, utafunguliwa. Watu walishangilia sokoni. Mimi nilipita.

Jumanne tarehe 29 Novemba 1983 tuliitwa. Uamuzi ulikuwa wa kurasa mbili, umepigwa chapa kwa Kiswahili. Karani alieleza kwa kifupi: mtuhumiwa ataachiwa, vifaa vitakuwa mali ya serikali na kugawiwa shule, aweke sahihi hapa chini. Mume wangu alichukua kalamu mara moja. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya karatasi.

"Naomba nisome kwanza," nilisema.

Mwenyekiti alinitazama juu ya miwani yake. "Mama, mumeo anajua kusoma."

"Ndiyo, ndugu mwenyekiti. Na mimi najua."

Walinipa karatasi. Nilisoma nimesimama, kwa kidole, mstari kwa mstari, na chumba kizima kilinisubiri. Nilisoma kwamba hana hatia ya kuhujumu uchumi. Nilisoma kwamba mke wake ameonywa kwa kuteketeza nyaraka, na hilo nililikubali. Lakini katika ukurasa wa pili iliandikwa kwamba alikamatwa nyumbani kwake tarehe 21 Aprili.

"Hapa si sahihi," nilisema. "Tarehe 21 lilichukuliwa sanduku. Yeye alikuwa kazini. Alijipeleka mwenyewe kituoni, Jumatatu, tarehe 25."

"Achana nalo," mume wangu alinong'ona. "Mama watoto, nakuomba, achana nalo. Twende nyumbani."

Nilimwona mwenyekiti akinyoosha mkono ili karatasi irudi kwake, nami nilijua angeweza kuiweka kwenye faili, kulifunga, na kutuambia tusubiri mwezi mwingine au mwaka mwingine. Lakini sikuyarudisha maneno yangu.

Alipekua faili mpaka akaipata karatasi ya kituo. Aliisoma. Kisha akatoa kalamu yake mwenyewe, akaukata mstari ule, akaandika juu yake, akatia sahihi pembeni, na kunirudishia. Nilisoma tena kuanzia juu, kurasa zote mbili, nikaiweka mezani mbele ya mume wangu na kumwonyesha mahali.

Aliweka sahihi saa tano na dakika ishirini asubuhi.